Siku Moja Akureyri

Mhariri aliniandikia akitaka niwape wasomaji wa gazeti la shule habari za kazi yangu baharini. Kazi yangu ni kuhudumu mezani katika meli ya watalii, nayo haina mengi ya kusimulia, maana sahani ni sahani, iwe nchi kavu au baharini. Nimeonelea heri niwaandikie somo la jiografia. Somo hilo nililipuuza nilipokuwa nikikalia madawati hayo mnayokalia ninyi leo, nalo likaja kunitahayarisha ukubwani, mbele ya watu 41, katika kisiwa cha mbali ambacho sikutazamia kukiona.

MAHALI PENYEWE

Fungueni ramani zenu. Kaskazini-magharibi ya Uingereza, katikati ya Bahari ya Atlantiki, mtaona kisiwa cha Iceland. Eneo lake ni kilometa za mraba 103,000 hivi, yaani ni kama sehemu moja ya tisa ya Tanzania. Wakazi wake hawafiki 400,000. Upande wa kaskazini bahari imeingia ndani ya nchi kwa hori refu jembamba liitwalo Eyjafjörður, lenye urefu wa kilometa 60 hivi, na mwisho wa hori hilo ndipo ulipo mji wa Akureyri. Mji huo una watu wapatao 20,000. Kutoka hapo hadi Duara ya Aktiki ni kilometa 100 tu, na sisi tulipofika mwezi wa Juni usiku haukuwa usiku. Jua lilijificha kitambo kidogo nyuma ya milima kisha likatoka tena, na mtu aliweza kusoma barua saa sita ya usiku bila ya taa.

Sasa ulizeni: kisiwa hicho kimetoka wapi? Ganda la dunia yetu si kipande kimoja. Limegawanyika katika mabamba makubwa, nayo huenda polepole sana. Chini ya Bahari ya Atlantiki bamba la Amerika ya Kaskazini na bamba la Ulaya na Asia yanaachana kwa kiasi cha sentimeta 2 kila mwaka. Katika ufa huo mwamba ulioyeyuka hupanda kutoka chini na kuganda. Mahali pengi jambo hilo hufanyika gizani chini ya bahari, lakini hapo Iceland mwamba umepanda kwa wingi hata ukatokeza juu ya maji. Kwa hiyo kisiwa chote ni kazi ya volkano, na kazi hiyo haijakwisha. Mwezi wa Novemba 2023 watu wote wa mji wa Grindavík, upande wa kusini-magharibi, walihamishwa kwa sababu ya matetemeko, na baadaye moto ulitoka ardhini karibu kabisa na nyumba zao.

KAZI NILIYOPEWA

Meli yetu ilifunga gatini asubuhi, nayo ilikuwa iondoke saa kumi na mbili jioni. Abiria wengi walikuwa wamekata tikiti za matembezi ya basi. Kila basi hufuatwa na mtumishi mmoja wa meli, mwenye kazi tatu: kuhesabu watu kila wanaposhuka na kupanda, kuchukua mkoba wa huduma ya kwanza, na kuangalia kwamba hapana mtu atendaye jambo la hatari. Jioni huandika ripoti yake. Siku hiyo nilichaguliwa mimi, na furaha yangu ilikuwa kubwa, maana kwa kawaida sisi huziona nchi kupitia dirisha la jikoni.

Mwenye kutuongoza alikuwa mama mmoja mwenyeji, mtu wa makamo, aliyevaa sweta ya sufu. Tulipokuwa tukiondoka mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu aliniuliza kama kwetu pia iko milima ya moto. Nikamjibu upesi, “Hapana, Bwana. Kwetu ni milima ya migomba na chai tu.”

Yule mama akageuka. “Wewe watoka wapi?”

“Tanzania, Mama.”

“Sehemu gani?”

“Mbeya, wilaya ya Rungwe.”

Akacheka. Alisema kwamba mwenzangu mmoja kutoka Tanzania alipata kusoma katika nchi yao, akamwonyesha picha za kwetu. “Basi umezaliwa juu ya volkano,” akasema, “na hukuambiwa?”

Watu wote ndani ya basi wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, lakini moyoni niliona haya. Nilikuwa nimeambiwa. Nilikuwa sikusikiliza.

NJIANI

Tulipita chini ya mlima katika handaki lenye urefu wa kilometa 7 na nusu hivi, lililofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2018. Mama alitueleza kwamba wachimbaji walipata taabu kubwa. Upande mmoja walikutana na maji ya moto yaliyobubujika mwambani, na upande wa pili maji baridi yakafurika hata kazi ikasimama. Chini ya kisiwa kile mtu hawezi kujua atakutana na nini.

Tuliposhuka mara ya kwanza tulitazama maporomoko yaitwayo Goðafoss, maana yake maporomoko ya miungu. Kimo chake ni mita 12, si marefu, lakini maji ni mengi na yamejipinda kama ukwato wa farasi. Yasemekana kwamba yapata mwaka 1000 mkuu wa sheria, Þorgeir, alipokwisha amua watu wa nchi yake wafuate dini ya Kikristo, alizichukua sanamu zake akazitupa humo. Herufi hizo mbili ngeni zisiwatishe. ð husomwa kama “dh” ya dhahabu, na þ husomwa kama “th” ya thelathini. Abiria walipokuwa wakijing’ata ndimi, mimi niliyatamka majina hayo mara ya kwanza, na mama akanisifu. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyoipata siku hiyo.

ZIWA LA USUBI

Mbele kidogo tukafika Mývatn. Jina hilo maana yake ni ziwa la usubi, na kwa hakika vijidudu hivyo vilitujaa masikioni na puani, ingawa vingi haviumi. Ziwa ni pana, kilometa za mraba 37 hivi, lakini kina chake cha wastani ni mita 2 na nusu tu. Kwa kuwa maji ni haba kina, jua hufika chini, majani humea, vijidudu huzaliana, na bata wa aina nyingi huja kula na kutaga mayai. Basi wadudu wale wanaochukiwa na wageni ndio chakula cha samaki na ndege wa ziwa lile.

Kando ya ziwa, mahali paitwapo Skútustaðir, viko vilima vingi vyenye mashimo juu, kama volkano ndogo ndogo. Mama alituuliza ni nini. Sote tukasema ni volkano. Akasema si volkano hata kimoja. Yapata miaka 2,300 iliyopita mto wa zaha, yaani ule ujiuji wa mwamba unaotoka volkano, ulipita juu ya kinamasi. Maji yaliyofunikwa chini yakachemka ghafula, mvuke ukakosa njia, ukapasua zaha iliyo juu yake na kuirusha. Ninyi mnaopika mnajua jambo hilo: dondosheni maji kidogo katika mafuta yaliyopata moto, mtaona yanavyoruka. Vilima hivyo havina tundu la kushuka chini ya nchi. Vina umbo la volkano, lakini asili yake ni nyingine. Hilo ni jambo la kukumbuka katika mitihani na nje ya mitihani.

Jirani yake ni Dimmuborgir, maana yake ngome za giza. Hapo zaha ilituama kama bwawa, ikaganda juu na kuzunguka nguzo, kisha ile iliyokuwa bado majimaji ikatoroka chini. Zimebaki kuta na nguzo nyeusi, nyingine zina matundu kama madirisha. Katikati yake imeota miti mifupi. Mama alitufanyia mzaha wa kwao: mtu akipotea katika msitu wa Iceland, dawa ni kusimama wima tu.

KRAFLA

Saa saba mchana tulikuwa Krafla, na hapo nilisimama kwa muda mrefu kuliko abiria wote. Liko shimo la volkano liitwalo Víti, maana yake jahanamu, lililopasuka mwaka 1724 mwanzoni mwa moto uliodumu hata 1729. Katika mwaka huo wa mwisho zaha ilifika kijiji cha Reykjahlíð ikateketeza mashamba na nyumba, lakini ikagawanyika na kulizunguka kanisa bila ya kuligusa. Leo shimo la Víti lina maji ya rangi ya kijani na buluu, yenye kupendeza sana.

Bondeni kuna kituo cha umeme. Ujenzi wake ulianza mwaka 1975, na mwishoni mwa mwaka huo huo ardhi ikaanza kupasuka tena. Moto ulitoka mara tisa, mpaka mwaka 1984. Wajenzi hawakukimbia moja kwa moja. Walipima, wakangoja, wakaendelea. Leo kituo kina uwezo wa megawati 60. Kazi yake ni hivi: huchimbwa visima virefu, vingine hufika kilometa 2 chini. Maji yaliyomo mwambani yana joto kubwa, na yakipata njia hupanda kwa nguvu na kugeuka mvuke. Mvuke hutenganishwa na maji, hupelekwa katika mitambo, nayo huzunguka na kutoa umeme. Mwaka 2009 mafundi waliokuwa wakichimba kisima hapo walikutana na mwamba ulioyeyuka wenyewe, penye kina cha mita 2,100 hivi. Ni mara chache sana binadamu amefika mahali pa namna hiyo kwa chombo chake.

Katika Iceland karibu umeme wote hutoka katika nguvu ya maji ya mito na joto la ardhi. Nyumba tisa katika kila kumi hupashwa moto kwa maji yatokayo ardhini, na huko kuishi bila ya moto nyumbani haiwezekani. Hata mkate huokwa ardhini. Mkate mweusi hutiwa katika chombo, hufukiwa penye ardhi yenye moto, na hufukuliwa baada ya saa 24. Nilionjeshwa kipande na siagi. Ni mtamu, mzito, na humshibisha mtu.

Lakini msidhani kwamba moto ule ni rafiki tu. Katika mwaka 1783 ufa wa Laki ulifunguka upande wa kusini. Moshi wa sumu uliharibu majani, mifugo mingi ikafa, njaa ikaingia, na kiasi cha mtu mmoja katika kila watano alifariki. Watu wale wamejifunza kuyatumia majoto ya nchi yao baada ya kulipa gharama kubwa.

YALIYOTOKEA HVERIR

Tulipokuwa tukirudi tulishuka mara ya mwisho mahali paitwapo Hverir, chini ya mlima wa Námafjall. Hapo hapana majani. Ardhi ni ya manjano, nyekundu na kijivu, mvuke unapuliza kwa sauti kama ya bomba lililopasuka, na tope linatokota katika mashimo kama uji mzito jikoni. Harufu ni ya mayai yaliyooza, kwa ajili ya gesi yenye kiberiti. Mama alitukusanya akasema neno moja tu, akalirudia mara tatu: tusitoke nje ya kamba. Akaeleza sababu. Mahali pale penye rangi nyeupe na manjano, ganda la juu ni jembamba kama ukoko wa wali, na chini yake tope linakaribia kuchemka. Kwa macho huwezi kujua.

Yule mzee aliyekuwa akikaa nyuma yangu alikuwa na kamera nzuri. Alisimama karibu na kamba, akatazama huku na huku, akaniona mimi ninamwona. Akatabasamu, akaniinulia kidole kimoja kama mtu asemaye, dakika moja tu. Kisha akaivuka.

Ndugu zangu, mdomo wangu ulikuwa na maneno. Lakini kwa miaka minne kazi yangu imekuwa kuwaambia watu hao “Ndiyo, Bwana,” na “Mara moja, Mama.” Sikuzoea kuwaambia hapana. Niliwaza atakasirika, atanishtaki kwa mkubwa wangu, tena ni hatua mbili tu. Nikageuza macho nikajifanya nahesabu watu.

Hatua ya kwanza ilimchukua. Ya pili, mguu wa kulia ulizama hata kifundo. Alipiga kelele ambayo nitaikumbuka. Mama alifika kabla yangu, akamshika kwapa na kumrudisha, akamvua kiatu na soksi upesi kabla mguu haujavimba. Aliniagiza nilete maji yote ya kunywa yaliyokuwa ndani ya basi. Tulimwagia mguu maji baridi polepole kwa muda wa dakika 20, tukibadilishana chupa. Mtu mmoja alitaka kumpaka mafuta, mama akakataa kabisa. Kisha tukaufunika kwa kitambaa safi kisichonata kutoka katika mkoba wangu, na dereva akapiga simu melini.

Kurudi Akureyri ni karibu kilometa 90. Tulikuwa tumeahidiwa kuoga katika bwawa la maji ya moto la Mývatn, na hatukuoga. Hapana abiria aliyenung’unika. Mzee alikuwa mweupe kama karatasi, akanishika mkono njia yote, akisema kosa ni lake. Kila aliposema hivyo mimi nilizidi kuona uzito.

Daktari wa meli alitungoja gatini. Ngozi ilikuwa imeungua kuzunguka kifundo, lakini alisema maji yale ya dakika 20 yalisaidia sana. Jioni nilipewa karatasi ya ripoti. Palikuwa na mahali pa kuandika namna ajali ilivyotokea. Ningaliweza kuandika kwamba abiria alivuka kamba bila ya kuonekana, na hapana mtu angalijua. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Mwisho niliandika: “Nilimwona akivuka. Sikumkataza.” Nilizuiwa kufuatana na mabasi kwa muda uliobaki wa safari ile, nami naona ni haki. Mzee alipona, na siku ya kuteremka alikuja kuniaga akichechemea.

TUJE KWETU

Nimewaeleza hayo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya jiografia. Nchi yetu pia inapasuka. Bonde la Ufa ni mahali ambapo Afrika yenyewe inaachana, ingawa polepole kuliko Iceland, kwa milimeta chache tu kila mwaka. Mlima Rungwe ni volkano. Ziwa Ngozi limetuama ndani ya kasoko ya volkano kama maji ya Víti. Daraja la Mungu, mnalokwenda kupigia picha juu ya mto Kiwira, ni zaha iliyoganda. Maji ya moto ya Songwe yanachemshwa na joto lile lile la chini. Kaskazini mwa nchi Ol Doinyo Lengai bado ni hai. Jirani zetu wa Kenya walianza kutoa umeme kwa mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, mwaka 1981, na leo sehemu kubwa ya umeme wao hutoka ardhini. Tangu mwaka 1979 Iceland imekuwa ikiwafundisha elimu ya jotoardhi wataalamu kutoka nchi nyingi, na Wakenya ni wengi miongoni mwao. Watanzania pia wamekwenda. Mlango huo uko wazi kwa mwenye kusoma fizikia, kemia na jiografia. Hauko wazi kwa mtu aliyezaliwa chini ya Rungwe akasema kwao ni migomba na chai tu.

Sababu ya pili si ya jiografia, ila ilinijia siku moja na ile ya kwanza. Ninyi pia mtapata kazi zenu, na wengi wenu mtatumikia watu wenye umri au fedha au cheo kuliko ninyi. Heshima ni kitu chema, wazee wetu walitufundisha, nami sitaiacha. Lakini tangu siku ile nimejifunza kusema, “Samahani, Bwana, hapo hapapitiki,” na bado sijaona mtu aliyeudhika kwa neno hilo. Hata mkienda Songwe na wadogo zenu kutazama maji ya moto, msione haya kumvuta mtoto wa mtu kwa shati.

Mwalimu wangu wa jiografia akiisoma makala hii, nampa shikamoo. Daftari langu la Kidato cha Pili lilikuwa na mchoro mmoja tu wa volkano, nao haukumalizika. Sasa nimeumaliza.

MASWALI YA KUJIZOEZA

1. Eleza kwa mchoro kwa nini Iceland ina volkano nyingi.
2. Vilima vya Skútustaðir vina mashimo kama volkano. Kwa nini si volkano?
3. Taja hatua ambazo maji ya chini ya ardhi hupitia hata kutoa umeme.
4. Taja alama tatu za volkano zilizo katika wilaya yako au wilaya ya jirani. Kama hujui, kawaulize wazee, kisha uende ukazione.
5. Mtu ameungua mguu kwa maji ya moto. Utafanya nini kwanza, na kwa muda gani? Ni mambo gani usiyafanye?